Kaburi Lililokuwa Nyuma ya Tuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Jinja nimevaa viatu vya ngozi, vikajaa mchanga kabla ya saa sita. Nilitoka kwetu Nakaloke, upande wa Mbale, ambako sisi Waislamu tumekulia kwenye Kiswahili, nyumbani na sokoni. Mkuu wangu wa kwanza, afisa wa mazingira, alinisikiliza nikijitambulisha, akatikisa kichwa.

"Kiswahili chako kizuri mno, bwana. Huko ziwani watadhani umetoka kambini. Wazee wao walikisikia kwa watu wenye bunduki. Wasalimie kwa Kisoga kwanza."

Nilimwona mwoga tu, nikamdharau kimoyomoyo.

Kazi ilikuwa kulinda matuta ya mchanga, vile vilima ambavyo mawimbi na upepo vimevirundika kando ya ziwa kwa miaka na miaka. Ninyi vijana mnaopiga picha kwa droni mtatucheka: sisi tulipima kwa vigingi. Unachimbia kigingi kwenye tuta, unakitia alama, unarudi kila mwezi kukitazama. Kikizidi kujitokeza, mchanga umeondoka. Kikizama, umeongezeka. Tuta likiisha, ziwa linaingia mashambani, na hakuna koleo la kulirudisha.

Tulivipaka rangi nyekundu ili vionekane kwa mbali. Kesho yake vyote vilikuwa vimeng'olewa. Mwanamke mmoja alisimama juu ya tuta akinisubiri, kigingi mkononi. Huyo ndiye Nalongo, jina ambalo kule hupewa mama wa mapacha. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya tuta, na kati ya nyumba na tuta palikuwa na kaburi la mumewe.

"Afande," akasema, "hii miti nyekundu ni ya kufukuza sisi?"

"Mimi si afande, mama."

"Unaongea kama afande. Na mtu akileta rangi nyekundu, kesho analeta tingatinga. Mzee wangu analala hapa. Mimi siendi."

Kumbe wapima viwanja waliowahamisha jirani zake walitumia rangi hiyohiyo. Mkuu alitaka kuita polisi, nikamsihi aniachie. Nikarudi na vigingi visivyo na rangi na Kisoga cha kuokoteza kilichowavunja watu mbavu, nikamwomba Nalongo achague mwenyewe pa kuchimbia. Akachagua mbele ya kaburi. Basi kila nyumba ikataka kigingi chake. Tulipanda nyasi za kushika mchanga, wafugaji wakahamisha ng'ombe wao, na watu wakawa wanataniana: "Chako kinarefuka tu, utakivisha kofia lini?"

Miaka ya katikati nilihamishiwa Mbale kushughulikia kingo za mito. Nilipanga chumba Malukhu, nikala vizuri, nikanenepa. Niliporudishwa Jinja, mambo yalikuwa yameharibika. Ng'ambo ya ghuba, malori yalikuwa yanazoa mchanga wa kujengea mchana kutwa, kwa hiyo mawimbi hayakuwa na cha kutuletea. Kisha ziwa likaanza kupanda. Kigingi cha Nalongo kilikuwa kimebaki kama mlingoti.

Nilimweleza mkuu wangu mpya, mratibu wa mradi, kwamba tuta lile halitavuka mvua zijazo.

"Ngoja tuhakikishe," akanijibu. "Ukiwatisha watu na ukakosea, hawatatuamini tena."

Hakuwa mtu mbaya, na alichosema kilikuwa kweli. Lakini mimi nilikuwa nakiona kigingi. Usingizi ulinipaa, na mwishowe nikaenda kwa Nalongo bila ruhusa.

"Mama, mvua zikija, maji yatafika kwa mzee."

"Wewe ndiye ulisema tukilinda, itabaki."

"Nilisema."

"Na sisi tumelinda."

"Mmelinda sana, mama. Mchanga wetu umebebwa ng'ambo."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nikabaki nikikuna kichwa mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu.

Ukoo wa mumewe ulikuja kabla ya mvua. Walimfukua mzee kwa taratibu zao, wakaifunga mifupa katika nguo ya gome la mti, wakamzika tena juu kilimani. Mvua zikanyesha. Tuta likaenda, nyumba ikafuata, na mashua sasa zinapita pale palipokuwa na jiko lake.

Nimestaafu, nakaa Nkoma, hapa Mbale, na wajukuu. Vijana wa kazi hii huja kuniuliza tuliokoa matuta mangapi. Nawaambia ukweli: mengine yapo bado, lile halipo, na bado linaniuma.

Mara ya mwisho nilipomtembelea Nalongo, tulikaa kando ya kaburi jipya, akanionyesha ng'ambo ya ghuba, kule ambako hakukuwa na kigingi hata kimoja. Watu wachache walikuwa wamesimama ufukweni, wametulia, wanatazama ziwa.

"Wale hawakuambiwa na mtu kwamba maji yanakuja," akasema. "Wakitaka kusalimia wazee wao, wanasalimia maji."