Golikipa Aliyeachwa Nje ya Kamba

Mhoja alizaliwa Kiseke, nje ya mji wa Mwanza, kwa wafugaji, na baba yake alinuna muda mrefu mwanawe alipoacha ng'ombe akaenda mjini kudaka mipira. Mwaka 1958 kiwanda kimoja cha kuchambua pamba pale Igogo kilianzisha timu. Vijana waliajiriwa kwa sababu ya mpira: asubuhi walibeba marobota, jioni walifanya mazoezi. Mwanza nzima ilishangaa.

Mhoja alikuwa golikipa na nahodha. Alipanga chumba kwa Bi Mwanaharusi pamoja na Venant, fowadi kutoka Nansio, ambaye Mhoja ndiye aliyemwombea nafasi kwa meneja wa kiwanda, Mzungu. Walikula sahani moja. Venant aliposhikwa na malaria, Mhoja alimkorogea uji na kumfulia nguo.

Msimu ulianza vibaya. Walifungwa mfululizo, watu wakawa wanawazomea mpaka sokoni. Kisha beki wao, Ng'washi, akaituliza safu ya nyuma, na timu ikaanza kushinda. Ikabaki mechi moja tu, ya Jumapili. Wakishinda, kombe la mji ni lao.

Wiki hiyohiyo Ng'washi akavunjika mguu mazoezini. Meneja alimwachisha kazi akiwa bado kitandani, akamtaka ahame nyumba ya kiwanda. Mkewe alikuwa mjamzito.

Wachezaji walikutana uani kwa Bi Mwanaharusi.

"Hatuvai jezi mpaka Ng'washi arudishwe," alisema Venant, na hakuna aliyesema kwa ukali kama yeye. "Mhoja, wewe ndiye nahodha. Nenda ukatusemee."

Wote wakaitikia. Mhoja akaenda. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hayo ni maneno yako au ya timu?"

"Ya timu, bwana."

"Haya. Tutaonana Jumapili."

Jumapili Mhoja alikwenda uwanjani na nguo zake za nyumbani, akitegemea kuwakuta wenzake nje. Aliwakuta wamevaa jezi, wanapasha miguu moto. Golini alisimama karani wa stoo. Mpira alikuwa nao Venant, nahodha mpya.

"Venant, kulikoni?"

Venant aliangalia chini. "Meneja amenipa unyapara. Na hawa wenzetu wana watoto, Mhoja. Usituaibishe mbele za watu."

"Si wewe uliyesema tusivae?"

"Nilisema. Sasa nenda kakae."

Hakukaa. Alisimama nyuma ya kamba mpaka kipenga cha mwisho, akamwona Venant akifunga bao la ushindi na kubebwa juu juu. Watu walipomuuliza mbona hachezi, alisema anaumwa. Aliona aibu kuwaambia ukweli, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Kesho yake alifukuzwa kazi kwa uchochezi.

Akamchukua Ng'washi na mkewe kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka Kiseke. Njia nzima alijiandaa kwa maneno ya baba yake. Mzee aliitikia shikamoo yake, akautazama mguu wa mgeni, akaagiza waletewe maziwa. Mke wa Ng'washi alijifungulia hapo. Mguu uliunga vibaya, na Ng'washi hakucheza tena. Akajifunza kushona viatu. Mhoja akarudi kwa ng'ombe. Mtu akitaja mpira, yeye aliinuka akaenda zizini.

Siku chache kabla ya uhuru, Venant alifika Kiseke na jezi mkononi. Kulikuwa na mechi ya sherehe mjini.

"Mambo ya wakoloni yamekwisha, ndugu yangu," alisema. "Tusahau. Njoo usimame golini."

"Aliyenitoa golini si mkoloni," Mhoja akajibu. "Ng'washi yuko nyuma ya nyumba, anashona. Umeshamsalimia?"

Venant aligeuka kutazama upande ule, ambako nyundo ilikuwa ikigonga soli. Hakwenda. Alisema mambo ya safari, kwamba jua linapanda, akaiweka jezi juu ya kigoda na kuondoka.

Mhoja alimpa mke wa Ng'washi ile jezi. Ilikuwa nzito na imara, na mtoto alikuwa hana nguo ya baridi.