Kikuba Alichovishwa Ninga

Mwanangu Nasra, bibi yako aliwahi kumtukana rafiki yake mbele ya ukumbi mzima wa wanawake, na kinywa hakufungua. Nilimtukana kwa kikuba. Najua utacheka, maana kikuba kwako ni kile kishada cha rihani na asumini ninachokubandika kifuani siku za harusi, nawe ukaanza kulalamika kwamba chakuchafulia nguo. Cheka. Lakini kaa nikusimulie, kwa sababu tangu juzi nakuona umenuna na simu yako, na nimesikia kwamba umemfungia mwenzako asikupate tena, ati kwa kuwa amehamia upande wa mwimbaji mwingine. Mwenzako yule yule mliyekuwa mkikaa naye hapa kwangu, mkikata vipande vya video na kuviunga, mkinimalizia kaimati.

Ushabiki siwezi kukusuta nao. Mimi niliuanza kabla mamako hajazaliwa.

Katika usichana wangu alikuwako mwimbaji wa taarabu tuliyemwita Ninga, kama yule njiwa, kwa ile sauti yake. Kanda yake moja niliisikiliza hata nikajua anapovuta pumzi, na ubeti upi amekohoa kidogo kisha akaficha. Nikajifunga leso kama yeye. Ninga alikuwa na pengo la mbele, akitamka herufi ya sini kama yenye upepo ndani; basi nami, mwenye meno yangu yote, nikaanza kuzungumza kama mwenye pengo. Mamangu akadhani nina jipu la ufizi, akanisukutuza maji ya chumvi wiki nzima. Nikasukutua. Kumwambia kweli ilikuwa aibu zaidi.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Rukia. Rukia hakuwa shabiki wa mtu. Alikuwa mtunzi, ijapokuwa jina hilo hakuna aliyempa. Tukikaa kuchambua mchele, yeye hutoa maneno yaliyokaa sawasawa kama meno ya kitana, nami nikapiga sinia kwa kucha nikitafuta sauti ya kuyabeba. Tulikuwa na wimbo wetu mmoja, wa beti mbili. Wa tatu tulikuwa tukiutafuta, na hatukuwa na haraka, kwa sababu tulidhani kesho zote ni zetu.

Mwaka mmoja posa ya Rukia ikarudishwa. Sababu hatukuambiwa, lakini habari ilienea, maana mji huu mtu akipiga chafya mtaa wa Kuze, mtaa wa Kibokoni washamuombea rehema. Rukia akajifungia ndani mwezi mzima. Mimi ndiye niliyemtoa. Kulikuwa na harusi Tononoka, shughuli ya wanawake baada ya sala ya Alasiri, na Ninga mwenyewe ndiye aliyealikwa kuimba.

"Ninga yuwaja kwa miguu yake!" nikamwambia. "Twende, utasahau kila kitu."

"Watu wataniangalia, Saumu."

"Nani atakuangalia wewe, na Ninga yuko mbele?"

Akacheka, akakubali. Akajipaka hina kidogo, vidoleni tu, na mimi ndiye niliyemshikia mkono isimwagike.

Sasa lazima nikueleze jambo moja, maana nyinyi mwatuma vijoyo vyekundu kwa simu na mambo yameisha. Kwetu, kumtunza mwimbaji si kumpa zawadi tu. Ule ubeti unaouinukia ndio barua yako. Ukienda mbele wakati wa maneno ya mapenzi, watu hutabasamu. Ukienda wakati wa maneno ya kijembe, kila shingo hugeuka kutafuta barua ile ni ya nani. Hili nililijua. Mtoto wa miaka saba hapa mjini alilijua.

Tukakaa safu ya pili, mimi na Rukia, bega kwa bega. Ninga akaimba, nami roho yangu ikatoka ikaenda ikakaa miguuni pake. Katika wimbo ule palikuwa na mahali ambapo sauti yake hupanda, hupanda, hata unahofia itakatika, kisha ikateremka polepole kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Mahali hapo nilikuwa nimepangojea tangu asubuhi. Sauti ilipopanda tu, nikainuka, nikachomoa kikuba changu kifuani, nikapita mbele ya Rukia huku nikicheza, nikaenda kumvisha Ninga.

Maneno yaliyokuwa yakipandishwa na sauti ile ni haya:

"Posa imesharejea, wajipaka hina gani?"

Mwanangu, maneno yale nilikuwa nayajua kwa moyo. Ungeniamsha usingizini ningekutajia. Lakini nilikuwa nikiyameza kama vidonge, bila kutafuna. Mimi nilisikia sauti. Ukumbi ulisikia maneno. Ninga, kwa vile ndiyo kazi yake, aliangalia nimeinuka ubavuni mwa nani, akaurudia mstari ule mara tatu, uso kaelekeza kule kule. Vigelegele vikapasuka. Nami, mjinga wa Mungu, nikadhani ni vyangu! Nikarudi nikitabasamu, nikakuta kiti kitupu.

Mamangu alikuwa safu ya nyuma. Tulipofika nyumbani alivua buibui, akalikunja vizuri, ndipo akaniuliza:

"Wampenda sana Ninga?"

"Nampenda, mama."

"Ninga yuwakujua jina?"

"Hanijui."

"Na Rukia?"

Akaingia jikoni. Mamangu hakuwa mtu wa maneno mengi; siku ile nilitamani angenipiga.

Hapo ungetegemea kwamba niliondoka mbio nikagonga mlango wa pili. Mlango ulikuwa hatua nne. Lakini bibi yako ni mtu wa nyumbani, wajua. Mimi nikienda hata sokoni Marikiti mwanifungia chakula cha njiani. Basi nikamtuma binamu yangu: mwambie sikukusudia. Binamu akarudi na jibu: "Amesema, na yeye hakusudii kukuona." Nikasema, haya, acha apoe. Nikangojea apoe. Kabla hajapoa akaolewa Malindi na mtu mwema, akaenda zake. Upande wa pili wa ukuta pakahamia watu wengine, wenye kuku.

Ninga naye aliacha kuimba, na kanda ikaliwa na mashine. Sikulia. Nilishangaa mwenyewe kwamba sikulia. Lakini mpaka leo, nikichambua mchele, kucha zangu hupiga sinia zenyewe, kisha hunyamaza, kwa sababu maneno hayaji. Mimi sauti ninayo, mwanangu, ya kibibi kizee lakini ninayo. Maneno yalikuwa ya Rukia. Nimejaribu kuutunga ubeti wa tatu peke yangu zaidi ya mara moja, ikatoka kama tangazo la sabuni.

Miaka michache nyuma nilikutana na Rukia kwenye kisomo cha khitma, hapa hapa Mji wa Kale. Mumewe amefariki, yeye amerudi, anakaa na bintiye huko Ganjoni kwenye magorofa. Nilimjua kwa vidole kabla ya uso. Tukasalimiana. Alinishika mkono, akaniuliza hali, akaniuliza wa nyumbani, akaniuliza afya, akamshukuru Mungu kila mahali panapostahili. Alinisalimia vizuri mno, na hapo ndipo moyo uliponivunjika. Mtu anayekupenda hakusalimii vizuri hivyo. Anayekupenda hukwambia, "We, Saumu, mbona umefura kama andazi?" Nilingoja aniambie nimefura. Nimefura kweli, sikatai. Hakuniambia. Ubani ukapita kati yetu, chai ikaja, akaenda zake.

Basi, mwanangu, nakwambia bila kuzunguka. Penda waimbaji wako. Piga kelele, lia, bandika picha zao ukutani mwangu, ukuta ni wa mawe, utastahimili. Mtu asiyewahi kuhangaikia sauti ya mtu mwingine simwamini sana. Lakini ujue kwamba yule unayempigania hajui kama umekula, na yule uliyemfungia anajua hata kwamba kaimati waipenda ikiwa imeungua kidogo. Kabla hujainuka kumshangilia mtu, angalia umeketi na nani. Yasikilize maneno kabla ya sauti. Na chochote mnachokitunga wawili, hata kikiwa kichekesho cha simu, kitunzeni, kwa maana mmoja akiondoka huondoka na nusu yake, na nusu iliyobaki haisimami. Ukikosa, nenda mwenyewe, kwa miguu yako, siku ile ile. Usitume binamu.

Mungu akupe macho ya kumwona aliye karibu nawe, akulainishie ulimi unapotaka radhi, akujaalie rafiki wa kukwambia umenenepa mpaka uzeeni. Amina.

Nilipofika hapo niliiweka kalamu, nikaridhika sana na nafsi yangu. Mama Kadzo, jirani yetu wa juu, alikuwa ameshuka kurudisha mbuzi yangu ya kukunia nazi, nikamkalisha nikamsomea yote, toka mwanzo hadi amina. Nilitazamia machozi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaiweka mbuzi sakafuni, akaniambia:

"Bi Saumu, maneno ni matamu, lakini umeyapeleka nyumba siyo. Rukia yu hai, Ganjoni ni tuktuk moja, na wewe miguu unayo. Vaa buibui."