Mlango Mkubwa wa Ghala

Shangazi yangu alishona magunia kwenye ghala la gatini tangu usichana wake mpaka mgongo ulipogoma, na miaka yote hiyo hakupita mlango mkubwa hata siku moja. Mlango mkubwa ulikuwa wa mabosi na makarani wao. Washonaji walipitia kimlango cha uani, kule kwenye mtaro wa majitaka, na jioni wakitoka walipekuliwa mmoja mmoja: mikono juu, geuka, tikisa gauni. Utadhani kuna mwanamke angeweza kuficha gunia zima kifuani! Mabosi walioiba kweli hakuna aliyewagusa.

Basi aliposikia gati limekarabatiwa, ghala limekuwa makumbusho na kila mtu anakaribishwa, akaniganda kama ruba. "We mtoto wa kaka yangu, nipeleke. Nataka nipite mlango ule kabla miguu haijanikatalia."

Akavaa viatu alivyovaa kwenye harusi ya bintiye, vinambana, akapaka na wanja. Njia nzima ananieleza atakavyoingia: polepole, kichwa juu, bila kumsalimia mtu.

Hilo gati sasa! Lote limepakwa rangi ya waridi. Vigingi vya kufungia meli vimewekewa vyungu vya maua. Pale makuli walipokuwa wakivunjika viuno pana viti vya kunywea kahawa, na watu wazima wenye akili zao wanapiga picha wamekumbatia nanga. Haya, dunia ina mambo.

Mlango mkubwa ulikuwepo, umepakwa mafuta unang'aa, na mbele yake kamba nyekundu. Mlinzi akatuzuia kwa kidole.

"Huo haupitwi, ni wa historia. Wageni wote wanaingilia uani."

Nikacheka kwa hasira. Kweli, kule uani mabwana na mabibi na mikoba yao ya bei mbaya walikuwa wamepanga foleni kwenye kimlango cha majitaka, na wameridhika kabisa. Wajinga ndio waliwao.

"Shangazi, turudi nyumbani."

"Nirudi nimefanya nini?" Akaenda kupanga foleni.

Pale kimlangoni mlinzi mwingine alisema tu, "Mikoba, tafadhali." Kabla sijafungua wangu, nikaona mikono ya shangazi iko juu, yote miwili. Kisha akageuka, akatikisa gauni. Mpumbavu mmoja kwenye foleni akacheka.

"Bibi, mkoba tu," mlinzi akasema.

Shangazi akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine, akaishusha. Nilitaka kumrarua mtu, ila sikujua nianze na nani.

Ndani, dada mmoja mwongozaji alikuwa akiwaeleza wageni kwa sauti ya asali, "Hapa akina mama walishona huku wakiimba kwa furaha."

"Tuimbe na vumbi la magunia kooni?" shangazi akamkata. "Labda uliimba wewe."

Hakungoja jibu. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango mkubwa. Kwa ndani hapakuwa na kamba, komeo tu.

"Njoo tusukume," akaniambia.

"Mama, hairuhusiwi!" dada akapiga yowe.

"Niliyekuwa namwomba ruhusa ameshakufa."

Tukavuta komeo, tukasukuma kwa mabega. Mlango ukalia, ukafunguka, ukaiangusha kamba ya nje. Shangazi akatoka vilevile alivyopanga, polepole, kichwa juu, bila kumsalimia hata mlinzi. Na wale wageni, kwa ukondoo wao, wakatufuata wote wakidhani ndiyo njia, kamba nyekundu ikabaki chini ya viatu vyao.

Nje akavua viatu, akageuka. Nilidhani atapiga vigelegele. Akautazama mlango juu mpaka chini.

"Kumbe ni mlango tu," akasema. "Mbao na bawaba. Na walivyoturingia, mwanangu! Na sisi tukakubali."