Dagaa wa Vikopo vya Bhoke

Ni mwaka ule dagaa walipoadimika, Musoma tukala ugali wa muhogo kwa mlenda mpaka tukachoka. Wateja wakaanza kukikimbia kibanda changu cha chakula hapa mtaa wa Mukendo. Mjukuu wangu Bhoke, wa kidato cha sita, ananisaidiaga kuwasha moto kabla ya shule. Asubuhi moja nikakuta ameficha vikopo vitatu vya dagaa wakavu chini ya meza. Vina maandishi, lakini kusoma si kazi yangu. Nikaosha juujuu, nikamwaga vyote sufuriani.

Mchana nimeshawapakulia vijana wanne wa bodaboda, wananawa mikono, Bhoke anaingia na wenzake wa darasani.

"Bibi, dagaa zetu za projekti ziko wapi?"

"Nimepika."

Akanishika mkono, akaninong'oneza. Walikuwa wanapima kitu gani kinazuia wadudu. Kikopo kimoja walitia majivu, kingine pilipili, cha tatu dawa ya kuhifadhia mahindi.

Nikaona maiti nne mlangoni kwangu. Nikazikwapua sahani za mboga.

"Mboga imeungua."

"Bibi, mbona inanukia vizuri?" akasema mmoja, tonge liko mkononi. "Au umepata wakubwa wa kuwapa?"

"Nimesema imeungua."

"Basi onja wewe, tuone."

Akanisogezea kijiko. Macho yote kwangu, Bhoke analia.

"Hiyo mboga siili."

"Kijiko kimoja tu, bibi."

"Hiyo mboga siili."