Nyumba ya Msaliti Ambayo Hatukuichoma

Ipo siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa mengi ya ujana yamekwisha kunitoka. Utawala wa wakati ule ulikuwa wa mabavu. Ulitulazimisha kulima tumbaku hata penye mahindi ya chakula, na aliyenung'unika alichukuliwa. Sisi wa vijiji vya Namtumbo tukaapa kutopanda hata mche mmoja. Aliyetuongoza ni Bibi Zuhura, mjane mpole wa maneno. Alituambia maji tumekwisha kuyavulia nguo, hatuna budi kuyaoga.

Haukupita muda, askari wakamkamata kaka yangu Hamisi shambani. Aliyemtaja ni Saidi, mwenzetu tuliyekula naye sahani moja, kisha akakimbilia mjini Songea. Alasiri ile vijana tukaenda nyumbani kwake pale kijijini na mafuta ya taa, tuichome. Tukamkuta Bibi Zuhura barazani, anapukuchua mahindi na mke wa Saidi, watoto wamewazunguka.

"Shikamoo, bibi," nikasema. Adabu haiachwi, hata ukiwa na hasira.

"Marahaba. Mafuta hayo ya taa ipi?"

"Saidi amemuuza Hamisi!"

"Najua. Hawa watoto nao wamemuuza? Mkichoma hapa, kesho askari watakuja na sababu. Leo hawana, wana amri mbovu tu. Mimi nimekataa tumbaku, mjukuu wangu, sikukataa utu. Weka dumu chini, upukuchue."

Tukakaa, tukapukuchua. Jua lilipoelekea kuzama, mke wa Saidi akatuambia, bila kuinua uso, boma la askari alimofungwa Hamisi.

Tukaenda kijiji kizima, wazee kwa akina mama, tukaketi nje ya boma lile bila jiwe mkononi, mpaka wakamtoa. Mkono wake mmoja haukupona tena. Bibi Zuhura walimchukua baadaye, akafia kifungoni. Amri haikufutwa kwa tangazo. Msimu uliofuata hakuna aliyetuletea mbegu ya tumbaku, basi.

Nawasikia ninyi vijana wa hapa Bombambili mkizungumza kwa hasira juu ya dhuluma mnayotendewa. Sikuzuii, mwanangu. Dhuluma ikataeni, tena mchana kweupe, tena mkiwa wengi. Lakini anayekudhulumu asikufundishe kudhulumu, kwani hasira ni hasara, na hasara yake huanza kulipwa na wasiohusika.

Mungu akupe moyo usiotishika na mkono usioonea mtu. Ukalale salama, na wa nyumbani kwako pia.