Manyoya Chini ya Kitanda cha Jael

Jael alikuwa na miezi kumi na minne akifanya kazi za ndani katika nyumba ile ya Al-Rawdah, Jeddah, kabla kuku hawajaletwa. Mimi nilikuwa mlinzi wa lango hapo kwa miaka ishirini na mitatu, na tulitoka upande mmoja wa Kenya, yeye Kimilili, mimi Kakamega, kwa hiyo aliniita mzee Zablon na kunisalimu kwa mikono miwili, jambo ambalo vijana wa leo wameliacha. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye nywele nyingi alizozisuka mwenyewe kila Alhamisi bila kioo. Madam hakumruhusu kutoka nje. Safari yake ndefu ilikuwa ya kutoka jikoni hadi kwenye pipa la takataka karibu na lango langu, na pale ndipo tulipozungumza.

Kuku walitoka Riyadh. Kaka wa bosi ana shamba huko, akaleta kumi na wanane ndani ya makreti ili watoto wapate mayai ya asili. Asili! Waliwekwa nyuma ya jiko, kwenye kizimba cha wavu kisichozidi upana wa gari dogo, sakafu ya saruji, taa nyeupe ikiwaka mchana na usiku, chakula ni vidonge vya mfuko. Siku hizi watu hudhani kuku ni mashine. Mama yangu alifuga kuku arobaini na sikumbuki mtu akiwahangaikia. Asubuhi alifungua mlango wa jiko, wakatoka, wakachakura shambani kutwa nzima, jioni wakarudi wenyewe. Sikuwahi kuona kuku aliye uchi mpaka uzeeni, katika nyumba ya marumaru.

"Wewe mtu wa shamba," madam alimwambia Jael. "Kuku kazi yako. Mmoja akifa, wewe Kenya, halas, kwisha."

Alicheka alipolisema. Jael naye akacheka, kwa sababu ilibidi.

Wiki ya tatu aliniambia kuna kuku mwenye mgongo mtupu. Alidhani ni paka. Kisha akadhani ni utitiri, akawachunguza mmoja mmoja chini ya mbawa, asione kitu. Mwishowe alijibanza nyuma ya tangi la gesi akatazama. Akaja kwangu akitembea haraka, mfuko wa takataka mkononi.

"Mzee, wanakulana."

"Wanapigana?"

"Hapana. Yule mwekundu anamwendea mwenzake kwa nyuma, anavuta unyoya mmoja, mwenzake analia, yeye anaumeza. Kama tambi!"

Sikusoma zaidi ya darasa la tano. Nilichonacho nimekiokota katika magazeti na vitabu vilivyotupwa na matajiri, lakini nimekisoma mara nyingi. Nilikuwa nimesoma kwamba kuku waliobanana wasipokuwa na cha kuchakura huanza kudonoana, na wakishaona damu hawaachi. Nikamwambia aombe udongo. Akaomba. Madam akashika pua yake na kusema udongo ni uchafu. Taa nayo isizimwe, kaka wa bosi amesema kuku wa taa hutaga zaidi.

Basi nikanunua dawa ya zambarau ya vidonda kwenye duka la dawa, Jael akawapaka kila palipokuwa na jeraha ili wekundu usionekane. Ilisaidia kidogo. Lakini sasa kizimbani kulikuwa na kuku wenye migongo mitupu ya rangi ya zambarau.

Manyoya ambayo mwekundu hakuwahi kuyameza, Jael aliyaokota kila alfajiri kabla madam hajashuka. Hakuthubutu kuyatia kwenye pipa. Mwaka uliopita pete ilipotea, na tangu hapo madam alivaa glavu na kupekua takataka. Kwa hiyo aliyatia kwenye mfuko wa mchele, na mfuko akauweka chumbani mwake. Hilo hakuniambia wakati ule.

Siku moja madam alikwenda kizimbani na simu yake, awapige kuku picha awaonyeshe rafiki zake. Nilisikia kelele mpaka langoni. Kuku uchi, wamepakwa rangi, na chini sakafu safi, hakuna hata unyoya mmoja.

"Wapi manyoya?"

"Mafi, madam," Jael alisema. Hakuna. Hofu ndiyo iliyomjibia.

Alasiri madam alizungumza kwenye simu chini ya dirisha la kibanda changu. Watu hawa husahau kwamba mlinzi ana masikio. Nilisikia neno sihri, yaani uchawi, mara mbili, nikafunga dirisha, ingawa nje lilikuwa joto la Agosti.

Nieleze kwa nini. Katika nyumba ya ng'ambo ya barabara alifanya kazi msichana wa kwetu, Velma. Kwetu mwanamke aliyelelewa vizuri hatupi ovyo nywele zinazobaki kwenye kitana. Huzificha, asije mtu mbaya akazichukua akamfanyia uchawi. Velma alizifunga fundo akazitia ndani ya mto wake. Wenye nyumba walipozikuta, wakasema mchawi ni yeye. Gari la polisi lilikuja kumchukua saa nne asubuhi. Aliniangalia akipita. Sikumwona tena, na sikuuliza.

Jioni Jael alipoleta takataka nilimwambia nilichosikia. Akauweka chini mfuko wa takataka polepole.

"Mzee, nikwambie kitu, usipige kelele."

"Sema."

"Hayo manyoya ninayo. Yako chini ya kitanda. Mfuko mzima."

"Yana damu?"

"Mengine yana damu. Mengine yana ile dawa." Akasogea. "Nitolee nje, mzee wangu. Wewe ndiye mwenye lango."

"Mwenye lango ni kamera, Jael. Mimi nimekalishwa tu hapa."

"Basi uyachome."

Nikafikiria ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku. Nikafikiria kwamba ile dawa niliinunua mimi, na mwenye duka ananijua kwa sura. Nilipofika mji huu, vibibi wa mtaa walikaa nasi vibarazani, wakatuuliza habari za mama zetu. Jambo kama hili lingeishia hapo, kwa maneno na kahawa. Sasa kuta zimepanda na kila pembe ina jicho. Nilimkatalia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna namna nyingine ya kuliandika.

Alhamisi Cliff, dereva wa nyumba, kijana wa Nakuru asiyejua kunyamaza, aliinama dirishani kwangu. "Mzee, kesho baada ya swala mama kubwa anakuja, wanapekua chumba cha Jael. Hao kuku wenu wa zambarau wanaenda disko au kwa mganga?"

"Funga mdomo."

"Naogopa pia, mzee," akasema, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Ndiyo maana naropoka."

Mama kubwa ni mama yake madam. Alizaliwa kijijini, katika milima ya Taif, na hutembea kwa mkongojo. Ijumaa nilimbebea kiti hadi uani, na ndipo Jael alipotoka jikoni, kabla hajaitwa na mtu, akiwa ameukumbatia mfuko wa mchele. Ndara zake ziligongagonga sakafu. Nilitaka kumwambia arudi. Nikabaki nimeshika kiti.

"Madam," alisema, "nilidanganya. Manyoya haya hapa."

Madam alirudi nyuma akitaja jina la Mungu. Alikuwa na hofu ya kweli. Akaniita nimzuie. Nami nikapiga hatua moja, najuta hatua hiyo hadi leo, lakini Jael alikuwa ameshafika kizimbani. Akatia mkono mfukoni, akapitisha unyoya mmoja kwenye wavu, akauachia.

Haukuanguka. Yule mwekundu aliruka, akaudaka, akaumeza. Jael akatupa wa pili. Kuku wanne wakaugombania. Akaugeuza mfuko mzima wavuni, na kizimba chote kikawa vurugu ya midomo, na kati ya vurugu ile kuku mmoja akachunwa mgongoni mbele ya macho yetu, damu ikatoka, wote wakamgeukia.

"Mtoe! Mtoe!" mama kubwa alipiga kelele. Jael akaingia, akamnyakua, akamfunika kwa aproni.

Mama kubwa akaigonga sakafu kwa mkongojo. "Mafi turabu!" Hakuna udongo. Akagonga tena. "Mafi turabu! Mafi barsimu!" Akamgeukia binti yake, akazungumza haraka, nikayapata machache: kwamba kuku wa mama yake walioga vumbi, walikula majani, na kwamba msichana mwenye akili hafungi kiumbe juu ya jiwe na kumwashia taa. Kisha akamtazama Jael, akamwambia neno moja. "Miskini."

Cliff alitumwa kuleta udongo na mafungu ya barsimu, yale majani ya mifugo, tukayaning'iniza wavuni. Taa ikawa inazimwa. Mwekundu akatengwa kwenye kreti lake.

Nilidhani yameisha. Lakini madam alikuwa amekwisha kuogopa, na hofu ya mwenye nyumba haiondolewi na kuku. Chumba kilipekuliwa hata hivyo. Jael alisimama mlangoni. Waligeuza godoro, wakapapasa mto. Madam akakishika kitana cha Jael kwa tishu, akakiinua kwenye mwanga, akatafuta unywele kati ya meno yake kwa muda mrefu, akakirudisha mahali pake.

Kuku walianza kuota vinyoya vidogo vigumu baada ya wiki chache, na mmoja mmoja ile zambarau ikafunikwa. Lakini nilichotaka kusema si hicho. Ni kwamba Jumamosi, siku moja baada ya upekuzi, Jael alileta takataka langoni akiwa amefunga kitambaa, na kilipoteleza niliona kichwa kimenyolewa chote, kinang'aa.

"Jael, nywele zako?"

Hakunitazama. Aliinua macho kuelekea kamera iliyo juu ya lango, akajibu kwa sauti kubwa, polepole, kama mtu anayejibu mahakamani.

"Joto, mzee. Ni joto tu."