Kichwa cha Treni Kutoka Kihesa

Najua inachekesha mtu wa umri wangu kusema "enzi zetu". Watoto wa dada yangu wakinisikia hunikodolea macho kana kwamba nitaendelea na habari za vita vya Wajerumani. Lakini enzi zilikuwepo, na zilikuwa zetu. Sisi tuliokulia Iyunga, Mbeya, jirani na reli iendayo Zambia, tulikuwa na asubuhi zetu za ukungu ulioshuka mpaka ukamsikia mwenzako anapiga chafya na usimwone. Tulikimbia ndani ya ukungu huo kuwahi namba walizopewa waliotangulia kufika shuleni, fagio kwapani, kidumu cha maji mkononi, miguu imepauka kwa baridi. Jioni tulicheza rede na kombolela mpaka mama zetu wakatuita kwa majina kamili, na jina kamili lilikuwa dalili ya hatari.

Tulitega vizibo vya soda juu ya reli, tukajificha kwenye mahindi, na treni ikishapita tunakwenda kuviokota vikiwa bapa na bado vina joto. Tulivitoboa, tukavipitisha uzi, tukavizungusha mpaka vikavuma. Mimi nilichapwa kwa mchezo huo kuliko wenzangu, kwa sababu baba yangu alikuwa mtu wa bendera pale stesheni. Yeye ndiye aliyesimama na bendera ya kijani na nyekundu, na mtaani walimwita mtu wa gari moshi.

Kwa hiyo treni niliijua kama nilivyojua ng'ombe wa jirani. Uso wake ulikuwa bapa kama boksi, na vioo viwili vipana, na ilinguruma kutokea tumboni. Moshi ulikuwepo, mweusi, ukitokea mahali fulani juu ambapo mtoto aliyesimama chini hawezi kupaona. Bomba halikuwepo. Hilo ningeweza kuapa.

Nilipokuwa darasa la nne tukaletewa mwalimu mpya kutoka Iringa, Mwalimu Mgaya, kijana mrefu mwenye shati lililonyooshwa mpaka mikunjo ikasimama. Alhamisi moja alituambia tuchore vyombo vya usafiri. Alianza yeye ubaoni: basi, ndege, meli, kisha gari moshi. Lake lilikuwa na tumbo la mviringo kama pipa lililolazwa, bomba refu mbele, na moshi uliopanda kama mawingu ya mvua. Darasa zima likanakili. Hata Asifiwe, aliyeishi kwenye nyumba za reli na kuamshwa na honi ya treni, alichora bomba na kulipaka rangi vizuri. Mimi nikachora boksi lenye vioo viwili.

Mwalimu aliweka kosa kubwa jekundu juu ya boksi langu na kuniuliza bomba liko wapi. Nikasimama. Nikamuuliza, kwa sauti iliyofika nyuma kabisa ya darasa, "Kwani mwalimu, wewe umewahi kuiona?"

Darasa zima likageuka kunitazama. Iringa mjini hakuna reli, na kila mtoto wa stesheni alilijua hilo. Swali langu lilikuwa limekanyaga pabaya bila mimi kulenga. Nilitegemea fimbo. Mwalimu hakunipiga, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Alisema Jumatatu, mstarini, mbele ya shule nzima, nitaomba radhi kwa kumwita mwalimu mwongo, nitafuta picha yangu na kuchora upya yenye bomba, na baba yangu awepo ashuhudie.

Neno mwongo sikulitamka. Lakini nani angenisikiliza? Enzi zile mwalimu akisema umesema, umesema.

Nilipofika nyumbani habari zilishafika, Asifiwe alikuwa na mbio. Mama alisema mdomo wangu utanipeleka nisikokujua. Baba alikuwa ananawa mikono. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta, akasema, "Jumatatu nitakuja." Basi. Angenichapa ningejua nimesimama wapi. Mzazi wa enzi zile akinyamaza, mtoto hapati usingizi.

Ijumaa baada ya shule tukapanda basi kwenda Iringa, baba na mimi. Mtoto wa Shangazi Sekela alikuwa anapata kipaimara Jumapili, huko Kihesa, na safari hiyo ilikuwa imepangwa kabla ya balaa langu. Njia nzima nilikuwa nasubiri. Kila basi liliposimama nilijiambia ataliongelea hapa. Tukasimama Igawa, hakusema. Makambako alininunulia mahindi ya kuchemsha, akaniuliza kama yana chumvi ya kutosha, na hakusema. Mafinga baridi iliingia dirishani, akanifunika koti lake, na hakusema. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: kujua Jumatatu baba yangu atasimama upande wangu au wa mwalimu.

Shangazi Sekela ni dada yake baba. Alikuwa amekaa Kihesa mpaka salamu yake ya kwanza kwetu ikawa "kamwene" ya Kihehe, na baba akamjibu kwa Kinyakyusa makusudi, wakacheka. Jumamosi asubuhi, wanawake wakichambua mchele wa Ubaruku kwa ajili ya sherehe ya kesho yake, shangazi akatupeleka kwa majirani. Kulikuwa na mzee Mzungu na mkewe, waliofundisha useremala pale kwa miaka mingi, na sasa walikuwa wanarudi kwao kabisa. Vitu vyao vilikuwa vimetandazwa uani vinauzwa: mapazia, baiskeli, taa, vyombo. Mama alikuwa ametuagiza sufuria kubwa la kande, na shangazi alisema kwa wazee wale yapo mazito ya zamani.

Baba aliinua sufuria moja, akaligonga kitako, akaridhika. Kisha akaliweka chini taratibu bila kulitazama tena, kwa sababu macho yake yalikuwa yamefika kwenye meza ya pembeni.

Juu ya meza kilikuwepo kichwa cha treni. Kidogo, kirefu kama mkono wa mtu mzima kuanzia kiwikoni, cha chuma cheusi. Kilikuwa na tumbo la mviringo, magurudumu makubwa yaliyounganishwa kwa vyuma, na mbele, likiwa limesimama wima, bomba. Nilihisi haja ndogo. Picha ya Mwalimu Mgaya ilikuwa imetoka ubaoni, ikatutangulia Iringa, ikatusubiri.

Nikamvuta baba shati, nikamwonyesha sufuria. Hakugeuka.

Mama mmoja mwenye duka alikuwa amekishika tayari. Alikitaka kwa ajili ya kuzuilia mlango wake usijifunge na upepo. Niliomba kimoyomoyo, kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuombea mtihani, huyo mama akichukue.

"Mama, naomba nikitazame," baba akasema.

"Kitazame, baba. Lakini ni changu."

Baba akakishika. Akazungusha gurudumu moja kwa kidole, na vile vyuma vya pembeni vikaenda mbele na kurudi nyuma kama viwiko vya mtu anayetwanga. Mzee Mzungu akaja. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kihehe kabisa. Akaeleza kwamba alikitengeneza mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa kufuata picha ya injini za mvuke zilizovuta mabehewa reli ya kati zamani, kabla ya hizi za mafuta. Baba akauliza maji yanaingia wapi. Akaonyeshwa. Moto unawashwa wapi. Akaonyeshwa. Anayetupia kuni anasimama wapi, na akitaka kuona mbele anaona vipi na tumbo lote lile limemziba. Mzee akacheka, akainama naye, vichwa vyao viwili vikagusana juu ya kile chuma. Sijawahi kumwona baba yangu akiuliza maswali mengi namna ile. Nyumbani aliyeuliza maswali nilikuwa mimi.

Yule mama mwenye duka alichoka kusubiri. "We baba, unanunua au unaoa?" Watu wakacheka uani. Baba hakucheka, hakusikia. Yule mama akatikisa kichwa. "Haya, chukua. Mlango wangu nitauwekea jiwe."

Shangazi akamkumbusha kwamba wifi yake kaagiza sufuria. Baba akasema masufuria hata Mbeya yapo.

Siku ile na kesho yake sikuonja utamu wa chochote, wala ubwabwa wa kipaimara, ambao kwa mtoto wa enzi zetu ulikuwa jambo la kusubiri mwaka. Niliwaza jambo moja. Baba amenunua ushahidi wa mwalimu. Ameacha agizo la mke wake ili akanishinde vizuri.

Kurudi Mbeya Jumapili hiyo hiyo alikipakata, kimefungwa kwa kitenge cha shangazi. Mara moja tu aliniomba nimshikie avae koti. Kilikuwa kizito na cha baridi, nikakaa nacho wima kama nimepewa mtoto wa mtu nisiyempenda. Nikajikaza, nikauliza, "Baba, unampelekea mwalimu?"

"Jumatatu si kesho?" akasema, akakichukua.

Mama alifungua kitenge, akatazama, akakigeuza huku na huku. Kisha akauliza, "Sasa kande nipikie kwenye hili bomba?"

Jumatatu ukungu ulikuwa mzito mpaka darasa la saba hawakuonekana kutoka tulipopanga mstari sisi. Tuliimba, tukakaguliwa kucha. Jina langu likaitwa: Tupo. Nikatoka mbele, na kutoka kwenye weupe ule akatokea baba yangu na sare yake ya stesheni, kitenge kifuani. Aliwaamkia walimu. Kulikuwa na meza ya kengele; akaweka mzigo wake pale, akafungua.

Mistari ilivunjika. Watoto walisogea bila ruhusa, wa nyuma wakipanda mgongoni mwa wa mbele. Nilimtazama Mwalimu Mgaya nikitegemea kuona ushindi. Sikuuona. Alinyoosha mkono polepole kama anayegusa pasi kujua kama ni ya moto.

"Mwalimu," baba akasema, "bomba ulilochora ni hili. Hukukosea."

Kisha akaonyesha kwa kidole upande wa stesheni.

"Na la pale kwetu halina. Mtoto naye hakukosea. Siku yoyote ukipata nafasi njoo uone, nitakupokea mwenyewe."

Mwalimu akagusa ncha ya bomba. Kisha akauliza, nusu akitania, nusu hapana, kwamba sasa aliyekosea ni nani.

"Jina," baba akasema. "Gari lilibadilika, jina likabaki. Hapo hakuna wa kuchapwa."

Mwalimu akasema sawa, lakini mwanafunzi hamuulizi mwalimu vile. Baba akanigeukia. "Tupo, omba radhi kwa ajili ya sauti uliyotumia. Picha iache kama ilivyo." Nikaomba radhi kwa ajili ya sauti ile, kwa kisauti kidogo mno, na Mwalimu Mgaya akaipokea. Kosa jekundu hakulifuta. Likabaki kwenye daftari mpaka daftari lenyewe likaisha.

Lilibaki jambo moja. Mwalimu akaomba kile chuma kibaki shuleni kiwasaidie watoto. Enzi zile mzazi hakumnyima mwalimu. Alimletea maparachichi bila kuombwa. Baba akakifunga tena kwenye kitenge. "Hapana, mwalimu," akasema. "Hiki kinarudi nyumbani."

Walimu walitazamana. Mimi nilijawa na furaha nisiyoweza kuieleza. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa: baba ameondoa ushahidi ili mtoto mwingine yeyote asilazimishwe kuchora bomba. Hatimaye alikuwa wangu. Nimeisimulia hapana ile miaka yote. Niliisimulia chuoni, kwenye mabishano ya bwenini, kama mfano wa mtu mdogo aliyewakatalia wakubwa kwa ajili ya ukweli. Mimi huhoji kila kitu, lakini hilo sikulihoji.

Mwaka huu nilikwenda nyumbani likizo. Baba amestaafu. Kichwa cha treni kipo juu ya kabati la vyombo sebuleni, na watoto wa dada yangu wakanikuta nakipangusa. Mkubwa wao akakigeuza chini juu, akauliza kinachajiwa wapi. Nikaanza kueleza habari za maji na moto, na kabla sijafika kwenye bomba alishatoa simu, akaandika, akatuonyesha video. Injini kama ile ile, kubwa, ya kweli, ikipanda mlima mahali fulani ughaibuni na moshi wake wote. Ubishi ukaisha pale pale, hata haujanoga.

Baba akaomba simu. Akaitazama ile video, akaomba irudiwe, ikarudiwa. Ndipo nikamuuliza nilichobeba tangu darasa la nne. Siku ile mstarini, alikuwa upande wa nani?

Alinitazama kama sijamwuliza kwa Kiswahili. "Upande? Watu waliniita mtu wa gari moshi ujana wangu wote, na gari moshi lenyewe sijawahi kuliona. Nilitaka kujua linafananaje."

"Sasa mbona ulimnyima mwalimu?"

"Nilikuwa sijamaliza kulitazama."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Watoto walikuwa wameshapoteza hamu, wanadai simu yao wacheze kitu kingine. Nawapenda, ila nawaonea huruma. Sisi tulikuwa na treni moja ya kubishania, na siku nne nzima za kuiogopa Jumatatu, na kitu kimoja cha chuma kikatosha mtu kukitazama mpaka kustaafu. Wao jibu linawafikia kabla swali halijakaa vizuri kinywani, na saa hiyo hiyo wameshalisahau.

Kioo cha simu kikazimika. Baba akabaki ameishika kwa mikono miwili, anasubiri mmoja wao amwashie tena.